Darasa Lililoitikia Ugomvi Wetu

Naapa kwa magoti yangu yote mawili, lile zima na lile bovu, kwamba kila neno mtakalosoma hapa ni kweli tupu. Kama nimeongeza chumvi hata chembe, usingizi wa mchana unikimbie, na mstaafu asiyelala mchana mnajua hana maisha.

Wiki iliyopita niliwaacha nimejipenyeza chini ya kitanda, makalio nje kichwa ndani, mkono wangu uko juu ya sanduku la Mama Watoto, na moyo unanienda kama jenereta lililoishiwa mafuta.

Kwa aliyekosa gazeti, nimfupishie.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Kiingereza sikukikalia darasani. Nilijifundisha mwenyewe kwa vile vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine, ndiyo maana Kiingereza changu kimejaa amri na maonyo. Mke wangu, Mama Watoto, huyo ndiye mwalimu hasa. Amefundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na mtoto wa dawati la nyuma akinong'ona kosa, yeye aliye ubaoni anamgeukia.

Alipostaafu alitamani kwenda kufundisha nje. Kuna shule moja kubwa aliiomba kazi kwa moyo wake wote. Shule ikamnyamazia. Alilia, nikambembeleza. Mwishowe nikatafuta mimi, nikaipata hii shule yetu ndogo, huku ugenini, ambayo huajiri mke na mume tu.

Watu wawili, nyumba moja, na mtindo wa kufundisha ambao sijauona kwingine. Mume na mke husimama mbele ya darasa wakaongea Kiingereza wao kwa wao, kama wako sebuleni kwao. Watoto huitikia kila kitu. Wavulana hurudia maneno ya mume, wasichana ya mke. Mmoja akiondoka, aliyebaki ni nusu, na shule ile haifugi nusu.

Sasa tuendelee.

Nililivuta sanduku, nikalifungua. Juu kabisa palikuwa na gauni lake la bluu, lile la kuendea harusi za watu. Chini yake gauni jingine, limepigwa pasi. Sikuendelea. Nililifunga, nikalirudisha, nikakaa sakafuni nikiwa mjane ambaye mkewe yuko jikoni anaosha vyombo.

Maana nilishamsikia kwenye ngazi akimnong'oneza Ndevu, "Usimwambie mzee. Ijumaa wanakuja."

Ndevu ni mwalimu wa ghorofa ya chini, mtu wa kwetu, ana ndevu za kutosha watu watatu. Mkewe alirudi nyumbani kumuuguza mama yake. Kwa hiyo Ndevu alikuwa nusu, na alikuwa anatafuta nusu nyingine kabla muhula haujaisha. Shule zinazotaka wanandoa ziko nyingi. Nani angewauliza cheti cha ndoa?

Hapo hapo koti langu la kahawia lilikuwa limepotea, na nilishajua litaonekana mgongoni mwa nani.

Ijumaa ikafika.

"Chai ipo," akasema Mama Watoto.

"Naiona."

"Mbona hunywi?"

"Huenda si yangu."

"Vikombe viwili, watu wawili. Ya nani basi?"

"Siku hizi humu ndani watu hawahesabiki."

Akanitazama kama anavyotazama insha iliyoanzia mwisho. "Mzee, leo uvae shati jeupe. Na nakuomba, nakuomba kabisa, darasani usitoke nje ya kitabu."

"Kwani leo kuna nini?"

"Leo Ijumaa," akasema, akacheka peke yake.

Jamani! Mwanamke anayekuacha bado anakuchagulia shati. Nilililia lile shati nikiwa navaa, kola ikalowa.

Kwenye ngazi nikakutana na Ndevu. Ndevu kazichana. Tai kafunga. Marashi yake yalifika kabla yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umependeza. Unaoa?"

"Mzee nawe! Mtu asivae tai?"

"Vaa. Koti je? Hujapata la kuendea na hiyo tai?"

"Koti gani?"

"La kahawia."

"Mimi sina koti la kahawia, mzee wangu."

"Bado," nikamwambia, nikampita bila kumwachia nafasi ukutani.

Darasani somo lilikuwa la safari. Haya yanayofuata yalisemwa yote kwa Kiingereza, nawapa kwa lugha yetu ili msije mkaumia. Kitabu kilitaka mume amsalimie mke, kisha amuulize kama amepakia miswaki.

"Habari za asubuhi, mke wangu," nikasoma.

"HABARI ZA ASUBUHI, MKE WANGU," wavulana wakaitikia.

"Nzuri, mume wangu mpenzi."

"NZURI, MUME WANGU MPENZI," wasichana.

Lile neno mpenzi likaniingia kama bisibisi. Nikafunga kitabu.

"Hilo sanduku chini ya kitanda ni la nini?"

"HILO SANDUKU CHINI YA KITANDA NI LA NINI?"

Mama Watoto akafunua ukurasa wa mbele, akafunua wa nyuma. Swali halimo.

"Mume wangu mpenzi," akasema, meno yamegusana, "fuata kitabu."

"MUME WANGU MPENZI, FUATA KITABU," wasichana wakasema, nao meno yamegusana, maana tumewafundisha kuiga kila kitu.

Mimi nikipandwa na hasira, Kiingereza changu hurudi kilikozaliwa.

"Tahadhari!" nikapaza sauti. "Usiguse sehemu zinazozunguka!"

Wavulana wakafurahi. Wananiita Bwana Tahadhari, na hapo ndipo wananipendea. Waliitikia mpaka vumbi la chaki likaruka.

"Mzee, umeingiwa na nini?" akauliza Mama Watoto.

"MZEE, UMEINGIWA NA NINI?"

"Nimekuwa mume wako tangu nina nywele! Leo unanibadilisha kwa ndevu?"

Wavulana wakarudia. Mmoja wa mbele akarudia machozi yakimtoka, hajui analia nini, lakini aliona mwalimu wake analia.

"Ndevu za nani?"

"NDEVU ZA NANI?" Wasichana sasa walikuwa wamesimama, mikono kiunoni, wamewageukia wavulana.

"Zimechanwa! Zimepakwa mafuta! Zimefunga tai!"

"ZIMECHANWA! ZIMEPAKWA MAFUTA! ZIMEFUNGA TAI!"

"Fungua kitabu chako, mtu mzima hovyo!"

Nawaambieni, wasichana ishirini wakikuita mtu mzima hovyo kwa pamoja, kwa matamshi safi, mgongo unapinda wenyewe.

Mlango ukafunguka.

Aliingia mwalimu mkuu wetu, anapiga makofi. "Safi! Safi sana! Hisia! Si mnaona? Hivi ndivyo lugha inavyoingia!"

Nyuma yake alikuwa mwanamke mgeni, ana miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Na nyuma ya mgeni, nani? Ndevu, anatabasamu.

Nikasema moyoni, haya, wamekuja kumchukua mchana kweupe.

Mgeni hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Watoto, akasimama uso kwa uso, akaupanua mdomo kama yuko kwa daktari wa meno.

"HA-BA-RI ZA-KO, MWA-LI-MU! U-NA-NI-SI-KI-A?" Akagusa sikio lake kwa kidole.

Kwa kuwa mgeni hakuwa mume wala mke, watoto hawakujua ni zamu ya nani. Wakaitikia wote. "U-NA-NI-SI-KI-A?" Wote wakagusa masikio.



Sauti ile niliwahi kuisikia. Mara moja tu, kwenye simu.

Nikaanza kusogea dirishani. Mtu mwenye goti bovu akisogea kwenye dirisha la ghorofa ya pili, mjue hana mpango mwingine.

"Nakusikia vizuri kabisa," akasema Mama Watoto. "Mbona unanipigia kelele?"

Mgeni akamgeukia mwalimu mkuu, macho yamemtoka hadi kwenye miwani ya juu. "Anasoma midomo! Maajabu haya!"

Akamzunguka Mama Watoto taratibu, akasimama kisogoni kwake, akanong'ona, "Mkoba wako mzuri."

"Asante," akajibu Mama Watoto bila kugeuka. "Lakini kwa nini unaniambia kisogoni?"

Mgeni akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Mama, mbona unasikia?"

"Nisisikie kwa nini?"

"Mumeo alituambia wewe ni kiziwi."

 Safari hii watoto hawakuitikia, ila yule mvulana wa mbele mwenye machozi, aliyesema polepole, "Kiziwi."

"Aliwaambia lini?" Mama Watoto aliuliza kwa sauti ile anayoitumia na mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

"Tulipokupigia simu kukupa kazi, kule kwenye shule yangu. Tulitaka uwaongoze walimu wetu wa Kiingereza. Akapokea yeye. Akasema sikio moja limekufa. Nikamwambia moja si kitu, lipo jingine. Akasema na hilo jingine linaaga."

Kila mtu akanitazama. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja kwenye kizingiti cha dirisha.

Wasomaji wangu, msinihukumu haraka. Kazi ile ilikuwa ya mtu mmoja. Chumba cha mtu mmoja, kitanda chembamba kama ubao wa kupigia pasi, mume haruhusiwi. Simu ililia yeye akiwa bafuni anaosha nywele. Nilimsikia anaimba kule ndani. Ningebaki na nani mimi? Paka? Paka mwenyewe alikuwa anampenda yeye.

Ndiyo nikaua sikio. Na lilipoonekana halitoshi, nikaua la pili. Kisha nikazunguka kutafuta kazi ya watu wawili, ambayo hakuna atakayeweza kuifanya peke yake. Nilijiona nimetumia akili.

Mama Watoto akaacha Kiingereza, akaja na lugha yetu, hatua kwa hatua, chaki bado iko mkononi.

"Nililia kwa ajili ya simu hiyo."

"Najua."

"Nililia nikisema nimezeeka, hawanitaki."

"Najua, mke wangu."

"Ukanishika bega. Ukaniambia hawaijui thamani yangu."

"Kwa kweli walikuwa hawaijui..."

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Lakini fundi hata akishikwa na nyundo ya watu mkononi hujaribu kuonyesha msumari. Nikamnyooshea Ndevu kidole.

"Na huyu je? Manong'ono ya kwenye ngazi? Sanduku? Mimi peke yangu ndiye mkosaji hapa?"

Ndevu akashika tai yake, hana pa kuiweka mikono, akajibu kwa Kiingereza ili mgeni naye asikie. "Mzee wangu, mimi nilifundisha kwa huyu mama zamani. Siku hizi wamejenga nyumba za walimu wenye wenzi. Mama Watoto akaniomba nimlete awaone nyinyi wawili mkifundisha. Nyinyi wawili, mzee. Akasema nisikuambie, maana ukijua unatazamwa huwa unaongeza mambo."

"Na mimi nilipoambiwa ni yule yule mwalimu," mgeni akadakia, "nikasema lazima niende nikaone kwa macho yangu kiziwi anavyofundisha matamshi."

Mama Watoto hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ananitazama mimi tu.

"Sanduku ulilifungua?"

"Nililifungua."

"Mpaka chini?"

"Mpaka gauni la pili."

"Chini ya gauni la pili kuna koti lako la kahawia. Nililificha ili nilirudishie vifungo. Nimevishona vyote, pamoja na kile cha ndani ambacho hakuna anayekiona."

Nikashusha mguu kutoka dirishani. Kama ningeruka, ningekuwa nimejipendelea.

Mwalimu mkuu wetu, ambaye lugha yetu haijui, akauliza kama bado tuko kwenye somo la safari.

"Ndiyo," Mama Watoto akamjibu kwa Kiingereza, akafuta macho kwa mkono wa chaki, shavu likabaki jeupe. "Tunamalizia. Watoto, rudieni anayosema mume wangu. Leo wote, wavulana na wasichana. Haya, mzee. Mke wangu si kiziwi."

"Mke wangu si kiziwi," nikasema.

"MKE WANGU SI KIZIWI."

"Mimi ni mwongo," Mama Watoto akanipa la pili.

"Mama Watoto, mbele ya watoto?"

"MAMA WATOTO, MBELE YA WATOTO?" wakaitikia, wanapepesuka kwa kicheko.

"Mimi ni mwongo," nikasema.

Nimesikia mitambo ya kila aina ikinguruma. Sijasikia kishindo kama kile. Darasa la jirani nalo likaitikia kupitia ukutani.

Mgeni akavuta pumzi, akasema kazi bado ipo, na nyumba ipo, na gari liko nje. Jumatatu madarasa yanaanza. "Mwalimu tunamtaka leo hii. Mume," akanipima kuanzia viatu, "mume ni shauri la mwalimu mwenyewe."

Mwalimu mkuu wetu akanipa mkono, kwa upole kabisa, mkono ule wa kumuaga nusu.

Nikamgeukia mke wangu. "Mama Watoto, nisamehe."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Eeh?"

"Nimesema nisamehe."

"Eeh? Sikusikii. Hili lilikufa."

Nikahamia upande wa pili. "Nisamehe!"

"Hilo nalo liliaga." Akachukua mkoba wake. "Umeyaua mwenyewe, moja moja. Sasa ongea kwa mikono."

Tangu pale, kwangu mimi tu, akawa kiziwi. Ndevu akikohoa, anamwambia pole. Mgeni akinong'ona, anamjibu. Mimi nikipiga kelele, anaangalia juu kama anatafuta ndege.

Nikapanda nyumbani kumchukulia sanduku, nikalishusha ngazi zote kwa goti langu bovu, huku namwuliza kwa mikono kama nichukue na mswaki wangu. Jaribu wewe kuuliza habari za mswaki kwa mikono wakati umebeba sanduku. Nilijipiga mdomoni mara mbili. Ndevu alikaa chini kwenye ngazi, akacheka mpaka tai ikamkaba.

Gari lilikuwa limewashwa. Nikaliweka sanduku nyuma. Mgeni akakaa mbele. Mama Watoto akashika mlango wa nyuma.

"Mama Watoto, nije?"

"Eeh?"

"Nije au nibaki?"

Akaangalia ndege.

Ghorofa ya pili, madirishani, vichwa vilikuwa vimejipanga, wavulana huku, wasichana kule. Sikuwa na maneno mengine. Ikanitoka kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu Kiingereza changu hakikuwa na onyo wala amri ndani yake.

"Nikuombe niende nawe?"

 Kisha madirisha yote kwa pamoja, wavulana na wasichana, kwa yale matamshi mazuri aliyowafundisha yeye, yakasema:

"NIKUOMBE NIENDE NAWE?"

Mgeni akaziba masikio. Mlinzi wa getini akavua kofia. Mama Watoto akasimama, mkono bado uko mlangoni, mabega yanamtikisika, na mimi niko nyuma yake, siwezi kujua ni kicheko au ni kilio.

Hilo alilisikia. Nawaapia alilisikia.

Akauachia mlango. Akaja nyuma ya gari, akafungua sanduku, akainua gauni la kwanza, akainua la pili, akalitoa koti langu la kahawia. Vifungo vyote vipo. Akalikung'uta, akalikunja sawasawa, akanipa mikononi.

Kisha akarudi, akapanda, akakaa. Mlango akauacha wazi.

Nikabaki nimelikumbatia lile koti. Amenipa nilivae nipande, au amenipa changu nibaki nacho?

Nikamwuliza kwa mikono.

Akafumba macho.